Kasa kanasa kwenye nyavu au kaokotwa ufukweni: mwongozo kamili wa kumwokoa, hatua kwa hatua

Naandika hii kwa sababu kila msimu kosa ni lilelile. Kasa anatolewa kwenye jarife (wavu mkubwa wa kutega), kalegea shingo hadi mkia, watu wanamuonea huruma, mmoja anasema mrudisheni baharini haraka apate maji, wanamtupa, anazama kama jiwe, alafu kila mtu anarudi kwake akijua ameokoa kiumbe. Hajaokoa. Yule kasa kafa maji, na mimi nilishawahi kusimama pale nikapiga makofi na wenzangu kabla sijajua.

Kasa sio samaki. Hana matamvua, anapumua kwa mapafu kama wewe. Akiwa amelala chini kwenye mwamba anaweza kukaa saa kadhaa bila kupanda juu, lakini akipambana na nyavu pumzi inamwishia upesi sana, anavuta maji, anazirai. Ukimtupa akiwa hivyo hana nguvu ya kupanda kuvuta pumzi. Kwa hiyo shika hili kabla ya yote: mgonjwa anatibiwa nchi kavu (au juu ya chombo), baharini anarudi akishapona.

## Vitu vya kuwa navyo

Hivi vikae kwenye chombo au pale bandani kabisa, sio uanze kuvitafuta kasa kashalala mchangani:

- Mkasi mkubwa au kisu chenye ncha butu. Kisu cha ncha kali kitamchoma shingoni akijitikisa.
- Khanga au mataulo 3 hivi, safi, yasiyo na mafuta ya mashine.
- Tairi kuukuu la gari dogo, au kipande cha godoro.
- Ubao, gunia la mchanga au boya la kuinulia sehemu ya nyuma.
- Ndoo, solotepu pana, glovu.
- Tochi, na karatasi au kitambaa chekundu cha kufunika mwanga wake.
- Simu yenye chaji na namba za kupiga zikiwa tayari zimeseviwa.

Kuhusu namba. Kenya ni KWS (shirika la serikali la wanyamapori), na kama uko upande wa Watamu au Malindi kuna Local Ocean Conservation pale Watamu, wana kliniki ya kasa kabisa na wavuvi wa huko wamezoea kuwapigia. Tanzania bara anza na BMU yako (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) na afisa uvuvi wa wilaya, na uliza kama kijiji chenu kina mtu anayefanya kazi na Sea Sense, shirika la kuhifadhi kasa. Visiwani ni kamati ya wavuvi ya shehia na idara inayohusika na uvuvi. Piga MAPEMA, kabla hujambeba popote, manake kasa analindwa na sheria huku kote na ukikutwa naye kwenye pikapu usiku bila mtu yeyote kujua, maelezo yako hayatasikilizwa sana.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli ana shida

Kasa jike akipanda ufukweni usiku hajaumia, amekuja kutaga. Anajiburuta polepole, anapumzika, anahema kwa nguvu, na machozi yanamtoka. Watu wakiona yale machozi wanasema analia kwa maumivu. Hapana, ile ni chumvi. Kasa anakunywa maji ya bahari na ana tezi karibu na macho zinazotoa chumvi iliyozidi, zinafanya kazi hata akiwa majini, ila majini huyaoni machozi.

Huyo mwache. Zima taa, kaa kimya mbali nyuma yake, msifanye duara kumzunguka. Ukimvuruga kabla hajaanza kutaga anageuza anarudi baharini na mayai yake.

Mwenye shida ni huyu: kalala ufukweni mchana hajongei, au kaletwa na mawimbi, au ana kamba mwilini, au gamba limepasuka, au macho yamezama ndani na tumbo limebonyea, au gamba na ngozi vimejaa magugu na chaza wadogo. Kasa mzima anaogelea na kujisugua kwenye miamba, kwa hiyo akiota bustani mgongoni ujue ameshakaa muda mrefu bila nguvu.

## Hatua ya 2: Mtoe kwenye nyavu

Jambo la kwanza ni kichwa kiwe juu ya maji. Kama chombo ni kidogo, ngalawa au mtumbwi, na kasa ni mkubwa, usilazimishe kumpandisha mkapinduka wote. Mshikilie ubavuni mwa chombo, kichwa juu, avute pumzi, mwenzako akate.

Kata macho ya wavu machache yaliyombana. Najua jarife ni hela na kushona ni kazi ya siku nzima, lakini kumzungusha na kumvuta ili wavu usikatike ndo kunamvunja, na mara nyingi yeye mwenyewe anauchana zaidi akipapatika. Macho manne matano yaliyokatwa kwa mkasi yanashoneka.

Kumbeba: mtu mmoja ashike gamba mbele, pale nyuma ya shingo, mwingine ashike gamba nyuma, juu ya mkia. USIMVUTE kwa mikono yake. Anaonekana ana nguvu lakini bega linachomoka. Kasa wa kijani mzima anapita kilo 100, huyo anataka watu wanne au zaidi na wavu au turubai chini yake kama machela.

Jihadhari na mdomo na mikono. Kasa aina ya ng'amba ana mdomo mkali kama wa kasuku na yule aina ya duvi anasaga makombe kwa taya, kidole chako sio kitu kwake. Kibao cha mkono wa mbele nacho kinavunja kifundo cha mtu.

## Hatua ya 3: Yuko macho au kazirai?

Aliye macho anainua kichwa, anavuta pumzi kwa kishindo unaisikia, anapiga mikono kama anaogelea. Aliyezirai shingo inaning'inia, mikono imelegea, huoni pumzi.

Hapa ndo watu wengi wanasema "kashakufa huyu". Usiseme bado. Kasa anaweza kukaa dakika nyingi bila kuvuta pumzi hata moja na moyo ukapiga polepole sana, kwa hiyo kumwekea sikio au kuangalia kama anahema hakukuambii chochote. Mjaribu hivi: gusa taratibu kwa kidole pembe ya jicho, uone kama kope inacheza. Alafu finya mkia kidogo uone kama unajikunja. Ikicheza hata kidogo, yuko hai. Isipocheza, mfanyie kama yuko hai vilevile.

Ambaye hakika amekufa ni yule aliyekakamaa au aliyeanza kuoza. Basi.

## Hatua ya 4: Kumzindua aliyezirai

Hii soma mara mbili kwa sababu ndo inayookoa wengi na ndo inayokosewa na wengi.

Mlaze kwa tumbo, kama anavyotembea. Usimlaze chali. Mapafu ya kasa yako juu, yamebanana chini ya gamba la mgongo, ukimgeuza chali matumbo yote yanayalalia na hata pumzi kidogo aliyokuwa nayo inakata. Wazee walikuwa wanamgeuza chali ili asikimbie. Huyu hakimbii kokote.

Inua sehemu ya nyuma karibu shubiri moja, yaani sentimita 15 au zaidi, akiwa mkubwa inua zaidi. Weka ubao au gunia la mchanga chini ya nusu ya nyuma ya gamba. Kichwa kinakuwa chini, maji yanatoka mapafuni yenyewe polepole. Usimkamue, usimkanyage mgongoni, usimpige piga, usiingize kitu mdomoni.

Myumbishe pole kushoto na kulia. Shika kingo za gamba, inua upande mmoja kidogo, shusha, inua mwingine. Fanya dakika chache, pumzika, rudia baada ya muda. Maji yanayotoka puani na mdomoni ndo unayoyataka.

Kivuli na unyevu. Khanga iliyoloweshwa maji ya bahari juu ya gamba na mikono, lakini pua na mdomo viwe wazi kabisa. Jua la saa sita linamkaanga ndani ya gamba. Na kama ni usiku kuna kusi linavuma usimlowanishe sana, upepo juu ya kitambaa kibichi unampoza mno, na mwili wake hautengenezi joto kama wetu.

Usimweke kwenye beseni au pipa la maji. Hata maji ya kiganja tu. Kichwa kikilala ndani anazama pale pale mbele yako.

Kila baada ya saa 3 rudia kugusa jicho na mkia. Sasa uvumilivu: inaweza kuchukua saa 4, inaweza kuchukua hadi 24. Ndiyo, siku nzima. Nimeona watu wanachoka baada ya nusu saa wanasema tumejaribu. Nusu saa sio kujaribu. Wekeni zamu, mmoja akapike mmoja abaki.

Ukifanikiwa utaona kope inaanza kucheza, baadaye mkia, baadaye anainua kichwa na kuvuta pumzi moja ndefu yenye sauti, mara nyingine anatapika maji. Hapo usikimbilie kumtupa baharini. Mwache mpaka ainue kichwa mwenyewe na kupiga mikono kwa nguvu, na kama kuna kliniki ya kufikika apelekwe, manake maji yaliyobaki mapafuni yanaleta homa ya mapafu siku za mbele. Hata yule aliyetoka nyavuni akiwa mchangamfu kabisa mwangalie kwanza kwa muda. Watafiti wa Valencia, Hispania, walionyesha mwaka 2014 kwamba kasa wanaotolewa na nyavu kwenye kina wanaweza kupata mapovu ya hewa kwenye damu, ugonjwa uleule wa wazamiaji, na mwanzoni wanaonekana wazima tu.

Saa 24 zikipita hakuna kitu, toa taarifa na azikwe. Asiliwe. Nyama ya kasa inaweza kuwa na sumu ambayo kupika hakuitoi, na kwa kumtazama huwezi kujua yupi anayo. Kisiwa Panza, Pemba, Machi 2024, walikufa watoto 8 na mtu mzima mmoja baada ya kula nyama ya kasa. Mwaka 2021 Pemba hiyohiyo walikufa watu 7.

## Hatua ya 5: Ndoana, mshipi, kamba na gamba lililopasuka

Mshipi (uzi wa kuvulia) ukining'inia mdomoni au ukitokea nyuma kwenye tundu la haja, USIVUTE. Mikono itakuwasha kuvuta, najua. Mle ndani mshipi umepita kwenye utumbo kama uzi kwenye rinda, ukivuta utumbo unajikunja na kukatika kama umepitishwa kisu. Kama anakwenda kliniki uache mrefu, ubandike kwa solotepu kwenye gamba asiumeze, daktari ataufuata huo huo kuipata ndoana. Kama mko mbali baharini na hakuna kliniki kabisa, kata karibu kadiri mkono unavyofika na umwache na kilichobaki.

Ndoana iliyo nje, kwenye ngozi au pembeni ya mdomo, na unaiona yote: sukuma ncha itokeze, kata kile kijino cha kwenye ncha kwa plaizi, kisha irudishe ilikoingilia. Usiing'oe kinyumenyume kabla hujakikata. Ikiwa ndani ya koo iache.

Kamba iliyozunguka mkono kata uitoe. Ila ikiwa imezama ndani ya nyama na ngozi imeota juu yake, kata ncha zinazoburuta tu, zilizobaki ni kazi ya daktari kwa sababu pengine hiyo kamba ndo inayozuia damu.

Gamba lililopasuliwa na panga la injini linatisha kutazama lakini linapona, kasa wana ustahimilivu wa ajabu. Kumbuka tu mapafu yako hapohapo chini. Kwa hiyo usimwagie maji kwenye ufa. Funika kwa kitambaa safi chenye unyevu na umpeleke. Hakuna dizeli, hakuna majivu, hakuna tumbaku, hakuna gundi. Chaza waliomng'ang'ania nao waache, ukiwabandua unang'oa na ngozi, kliniki wana namna yao.

Kasa wa kijani mwenye uvimbe kama koliflawa machoni au mabegani ana ugonjwa wa virusi unaojulikana. Mbebe kwa glovu, mtenge na kasa wengine, osha vifaa vyako. Usikate huo uvimbe.

## Hatua ya 6: Anayeelea

Huyu amesahaulika sana. Unamkuta anaelea juu, nyuma kumepanda, au kalalia upande mmoja, anapiga mikono anataka kuzama hawezi. Watu wanamsukuma kina kirefu, kesho yake kaletwa tena na mawimbi.

Mara nyingi ana gesi tumboni, na gesi inaletwa na plastiki alizokula au utumbo ulioziba, au hewa imevuja kutoka mapafuni. Hawezi kuzama kutafuta chakula, jua linamchoma, boti zinampiga. Hakuna unachoweza kumfanyia ufukweni. Mtoe majini, kivuli, khanga mbichi, piga simu. Usimpe chakula wala maji ya kunywa.

## Hatua ya 7: Kumsafirisha

Mweke juu ya tairi au godoro, tumbo chini, bila maji. Tairi linamzuia kuteleza na mikono inabaki inaning'inia bila kugusa chini, anachoka anatulia. Funika macho kwa kitambaa laini, giza linamtuliza. Nyuma ya pikapu, kwenye bajaji, hata mkokoteni, poa tu, ilimradi kivuli kiwepo na mtu mmoja akae naye. Bodaboda ni kwa wadogo tu, ndani ya beseni lenye khanga.

Kabla ya kuondoka piga picha: mwili mzima kwa juu, kichwa kwa ubavu, kila jeraha. Tuma lokesheni kwa WhatsApp. Akiwa na bamba la chuma mkononi soma namba zake, uziandike, usilibandue. Hilo bamba linaweza kumweleza mtu aliyemwona miaka kumi iliyopita.

Usimpeleke nyumbani. Karo, kisima, bwawa la hoteli lenye klorini, vyote hapana.

Kliniki watampa maji mwilini kwa sindano, watampiga eksirei, watamlaza kwenye tangi peke yake, na hapo ni wiki, mara nyingine miezi. Wala usikate tamaa ukiuliza kila juma ukaambiwa bado. Kasa anapona polepole kama anavyokua.

## Hatua ya 8: Kumwachia

Anarudi baharini akiwa anainua kichwa, anapiga mikono yote miwili sawasawa, hana jeraha linalovuja, na kama alikuwa kliniki awe anazama mwenyewe na kula mwenyewe.

Kwenye boti: nyavu zote ziwe nje ya maji, sogeeni mbali na majarife ya wengine pia, zima injini kabisa, mshushe taratibu upande wa tezi (nyuma ya chombo), kichwa kwanza. Panga la injini limeshaua kasa aliyeokolewa dakika hiyohiyo. Ufukweni: mweke kwenye mchanga mbichi karibu na maji, kichwa kielekee baharini, rudini nyuma nyote mumwache aende mwenyewe.

Alafu usiondoke. Kaa utazame. Mzima anapotea chini ya maji na baadaye kichwa kinachomoza mbali, anavuta pumzi, anazama tena. Akizunguka palepale, akielea kiupande au akirudishwa na wimbi, mfuate umtoe, unaanza tena hatua ya 3.

## Watoto wa kasa, wale mnaowaita yatima

Sio yatima. Mama kasa anafukia mayai anaondoka na harudi, hivyo ndivyo walivyo, kwa hiyo mtoto aliye peke yake hana tatizo. Tatizo ni akikutwa mchana kwenye jua, au kapotea kufuata taa za hoteli, au kaa na kunguru wamemzingira.

Kosa kubwa ni ndoo ya maji. Mtoto akigusa maji anaanza kuogelea bila kusimama, na nguvu anayotumia ni kiini cha yai alichobaki nacho tumboni cha kumfikisha kwenye kina. Mkimwogesha kwenye ndoo mchana kutwa watoto wapige picha, jioni anaingia baharini tanki tupu.

Fanya hivi: ndoo kavu, mchanga wenye unyevu kidogo chini, khanga juu kuwe giza, weka penye ubaridi na utulivu. Usimpe chakula. Jua likishazama mpeleke ufuo uleule, mweke mchangani hatua kadhaa kabla ya maji atembee mwenyewe. Zimeni taa zote, tochi ya mwanga mwekundu tu ya kuangalia msiwakanyage, manake wanakimbilia penye mwanga na mwanga mkubwa unatakiwa uwe upeo wa bahari. Akipinduliwa na wimbi mwache, ataingia kwa linalofuata. Mkishahesabu wa mwisho kaingia, fukieni mashimo yote mliyochimba ufukweni na msawazishe nyayo, kwa sababu wenzake wa kiota hichohicho wanaweza kutoka kesho usiku na shimo la goti tu linawatosha kunasa mpaka kunguru wanaamka.